Vifaa vya kuchochea neva

Vifaa vya kuchochea neva ni mashine ndogo za umeme zinazopandikizwa mwilini kwa upasuaji ili kupeleka mipigo midogo ya umeme kwenye ubongo, kwenye ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo, au kwenye neva fulani. Hutumika kupunguza dalili za magonjwa ya mfumo wa neva, kama vile ugonjwa wa Parkinson, kifafa kisichosikia dawa na maumivu ya kudumu. Vingine huwapa uwezo wa kusikia watu ambao masikio yao hayafanyi kazi tena.

Kwa kawaida vifaa hivi haviponyi ugonjwa wenyewe. Vinapunguza makali yake kwa muda ambao vimewashwa, vina betri nzima na vimepangwa sawasawa. Kwa hiyo kila kifaa kinahitaji uchunguzi sahihi kabla ya upasuaji, upasuaji wa kibingwa, na ufuatiliaji wa miaka mingi baadaye. Upatikanaji wa mambo hayo matatu hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, na hata ndani ya nchi moja. Nchini Tanzania tofauti hiyo inaonekana wazi kwa wakazi wa Mpanda na Mkoa wa Katavi kwa jumla, walio umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hospitali kuu za Dar es Salaam.

## Sehemu za kifaa na jinsi kinavyofanya kazi

Seli za neva huwasiliana kwa ishara za umeme na kemikali. Umeme huo ni mdogo sana: hupimwa kwa sehemu za elfu za volti moja. Ishara hizo zikivurugika, mwili unaweza kutetemeka, kukakamaa, kuanguka, kuhisi maumivu yasiyo na sababu ya sasa, au kushindwa kusikia. Mipigo ya umeme kutoka nje ya neva inaweza kubadilisha mwenendo huo.

Watanzania wengi wamewahi kusikia habari za "betri ya moyo", yaani kifaa kinachopandikizwa ili kurekebisha mapigo ya moyo. Vifaa vingi vya kuchochea neva vinafanana nayo kwa umbo. Sehemu zake kuu ni hizi:

- Elektrodi: ncha ndogo za metali zinazogusa au kukaribia sehemu inayolengwa.
- Waya: zimefunikwa kwa plastiki laini na hupita chini ya ngozi.
- Jenereta ya mipigo: kisanduku kidogo chenye betri na kompyuta ndogo, ambacho mara nyingi huwekwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na mtulinga.
- Kifaa cha kupangia: chombo cha nje ambacho daktari hukitumia kubadilisha mipangilio ya jenereta bila kupasua ngozi tena.

Daktari hupanga mambo matatu: nguvu ya mpigo, urefu wake, na idadi ya mipigo kwa sekunde. Kwa mfano, mgonjwa wa Parkinson anaweza kupewa mipigo 130 hivi kwa sekunde, kila mmoja ukidumu sehemu 60 za milioni ya sekunde. Mipangilio hiyo hubadilishwa mara kadhaa katika miezi ya kwanza. Nguvu ikiwa ndogo mno, dalili hubaki. Ikizidi, mgonjwa anaweza kupata ganzi, ulimi mzito au misuli kujikaza.

Wataalamu bado wanajadili jinsi umeme huo unavyoleta nafuu. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba katika magonjwa kama Parkinson makundi ya seli za ubongo hupiga kwa pamoja katika mdundo mmoja usio wa kawaida, na mipigo ya haraka kutoka kwenye kifaa huuvunja mdundo huo.

## Historia

Matumizi ya umeme katika tiba ni ya kale kuliko ujuzi wa umeme wenyewe. Katika karne ya 1 BK tabibu Scribonius Largus wa Dola la Roma aliandika kwamba maumivu ya kichwa na ya jongo yanaweza kutulizwa kwa kumweka mgonjwa karibu na samaki aina ya taa mwenye umeme. Afrika nayo ina samaki wa umeme. Katika makaburi ya Misri ya kale kuna picha za samaki jamii ya kambare anayetoa umeme, na ndugu yake, anayejulikana kwa jina la kisayansi Malapterurus tanganyikaensis, anaishi katika Ziwa Tanganyika, ambalo ni mpaka wa magharibi wa Mkoa wa Katavi.

Mnamo miaka ya 1780 Mwitalia Luigi Galvani aligundua kwamba misuli ya chura hushtuka inapoguswa na umeme. Mwenzake Alessandro Volta alijipitishia umeme masikioni na mwaka 1800 akaeleza kwamba alisikia sauti kama ya kitu kinachochemka.

Vifaa vya kupandikizwa vilianza katikati ya karne ya 20:

- 1957: André Djourno na Charles Eyriès walichochea neva ya usikivu ya mgonjwa huko Paris, Ufaransa.
- 1958: betri ya moyo ya kwanza ilipandikizwa nchini Uswidi.
- 1961: William House aliweka elektrodi katika sikio la ndani la wagonjwa huko Los Angeles, Marekani.
- 1967: Norman Shealy wa Marekani alichochea ugwe wa mgongo ili kutuliza maumivu.
- 1978: Graeme Clark aliongoza upandikizaji wa kifaa cha usikivu chenye elektrodi nyingi huko Melbourne, Australia.
- 1987: Alim-Louis Benabid na wenzake huko Grenoble, Ufaransa, walianza kuchochea ubongo wa ndani kwa mipigo ya haraka.
- 1988: mgonjwa wa kwanza wa kifafa alipandikizwa kifaa cha kuchochea neva ya vagasi nchini Marekani.

Ugunduzi wa Benabid ulitokana na kazi ya kawaida ya chumba cha upasuaji. Wakati huo mtetemeko mkali ulitibiwa kwa kuunguza sehemu ndogo ya ubongo. Kabla ya kuunguza, daktari alijaribu umeme ili kuhakikisha kwamba yuko mahali sahihi. Benabid aliona kwamba mipigo inapofikia 100 hivi kwa sekunde, mtetemeko hukoma bila kuunguza kitu. Umeme ukizimwa, mtetemeko hurudi. Tofauti na kuunguza, tiba hiyo ilikuwa inaweza kurekebishwa au kusimamishwa.

## Aina kuu

### Kuchochea ubongo wa ndani

Elektrodi huingizwa kupitia matundu madogo katika fuvu hadi kwenye viini vilivyo ndani ya ubongo. Mara nyingi mgonjwa huwa macho kwa sehemu ya upasuaji ili madaktari waone kama mkono umetulia. Nchini Marekani tiba hii iliidhinishwa mwaka 1997 kwa ugonjwa wa kutetemeka na mwaka 2002 kwa Parkinson. Hutumika pia kwa distonia, ambayo husababisha misuli kujikunja bila hiari, na kwa aina fulani za kifafa. Duniani zaidi ya watu 160,000 wameshapandikizwa vifaa hivi.

Kwa Parkinson, kifaa hupunguza mtetemeko, ukakamavu na uzito wa mwendo, na mara nyingi huwezesha kupunguza dozi ya dawa. Hakisaidii sana matatizo ya kumbukumbu, usemi au kuyumba, wala hakizuii ugonjwa kuendelea. Wanaonufaika zaidi ni wale ambao dawa ya levodopa bado inawasaidia lakini nafuu yake imekuwa ya kupanda na kushuka. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kupimwa wala kupewa levodopa hawezi kuchaguliwa kwa upasuaji huu.

### Kuchochea neva ya vagasi

Neva ya vagasi hutoka ubongoni na kupita shingoni kuelekea moyo, mapafu na tumbo. Kifaa huzungushiwa neva hiyo upande wa kushoto wa shingo, bila kugusa ubongo. Kwa kawaida hupiga kwa sekunde 30, kisha hupumzika kwa dakika 5, usiku na mchana. Mgonjwa au ndugu yake anaweza kupitisha sumaku juu ya kifua ili kuongeza mpigo pale dalili za kifafa zinapoanza.

Kifaa hiki ni kwa watu ambao kifafa chao hakikutulia baada ya kujaribu angalau dawa mbili zilizochaguliwa na kutumiwa vizuri, na ambao hawafai kwa upasuaji wa kuondoa sehemu ya ubongo yenye kasoro. Takriban nusu yao hupata upungufu wa nusu au zaidi wa idadi ya kifafa, baada ya mwaka au miaka miwili. Wachache tu huacha kabisa kupata kifafa. Madhara ya kawaida ni sauti kukwaruza, kikohozi na kuwashwa koo wakati wa mpigo.

### Kipandikizi cha koklea

Koklea ni sehemu ya sikio la ndani yenye umbo la konokono. Ndani yake kuna vinyweleo vidogo vinavyogeuza sauti kuwa ishara za neva. Vinyweleo vikifa, kifaa cha kawaida cha kukuza sauti hakisaidii sana. Kipandikizi cha koklea huviruka: maikrofoni iliyo nyuma ya sikio hunasa sauti, kompyuta ndogo huichanganua, na elektrodi zilizo ndani ya koklea huchochea neva ya usikivu moja kwa moja. Kufikia mwisho wa mwaka 2019 zaidi ya vifaa 700,000 vilikuwa vimepandikizwa duniani.

Kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi, umri ni jambo la msingi. Ubongo hujifunza lugha katika miaka ya mwanzo, kwa hiyo matokeo ni bora akipandikizwa kabla ya miaka 3, na bora zaidi akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Kwa mtoto aliyepoteza usikivu kutokana na homa ya uti wa mgongo muda ni mfupi zaidi, kwa kuwa koklea inaweza kuanza kujaa mfupa ndani ya wiki au miezi michache, na elektrodi ikakosa njia ya kupita.

Baada ya upasuaji mtoto hahisi sauti kama watu wengine wanavyozisikia. Anahitaji mazoezi ya kusikia na kuzungumza kwa miaka kadhaa, pamoja na betri, waya na vipuri vya sehemu ya nje. Watu wengi katika jamii ya viziwi wanasisitiza kwamba kifaa kisichukue nafasi ya lugha ya alama, na wataalamu wengi wanakubali kwamba mtoto asiachwe bila lugha yoyote wakati wa kusubiri.

### Aina nyingine

Elektrodi zinazowekwa juu ya ugwe wa mgongo hutuliza baadhi ya maumivu ya kudumu ya mgongo na miguu. Tangu miaka ya 2010 watafiti wa Marekani na Uswisi wameonyesha kwamba uchocheaji wa namna hiyo, ukiunganishwa na mazoezi makali, unaweza kuwasaidia baadhi ya watu waliopooza miguu kusimama au kupiga hatua. Tiba hiyo bado iko katika hatua ya utafiti. Kuna pia vifaa vya kuchochea neva za nyonga, ambavyo huwasaidia watu wasioweza kudhibiti mkojo au choo.

## Hatari na mipaka

Upasuaji wa kuingiza elektrodi ubongoni unaweza kusababisha kutokwa damu ndani ya fuvu. Hutokea kwa mtu 1 au 2 hivi kati ya 100. Aina zote zinaweza kupata maambukizi, na kifaa kilichoambukizwa mara nyingi hulazimika kutolewa. Waya zinaweza kukatika au kuhama.

Betri isiyochajiwa hudumu miaka 3 hadi 5 hivi katika kuchochea ubongo wa ndani, kisha jenereta hubadilishwa kwa upasuaji mdogo. Betri za kuchajiwa hudumu miaka 15 au zaidi, lakini mgonjwa huhitaji umeme wa uhakika ili kuzichaji. Betri ikiisha ghafla, dalili za Parkinson zinaweza kurudi kwa ukali mkubwa kuliko awali.

Mwenye kifaa anapaswa kuwa na kadi inayoeleza aina yake na kuionyesha hospitali yoyote. Kipimo cha MRI huruhusiwa kwa baadhi ya vifaa tu na kwa masharti. Matibabu ya joto kwa mawimbi ya redio, yanayotumika wakati mwingine katika tiba ya viungo, yamewahi kuua wagonjwa wenye elektrodi ubongoni na hayaruhusiwi kabisa kwao.

Kuna pia hatari inayotokana na biashara. Mnamo 2019 kampuni ya Marekani iliyotengeneza kifaa cha kutibu maumivu makali ya kichwa, Autonomic Technologies, ilifungwa, na wagonjwa wakabaki bila huduma ya programu. Kampuni ya Second Sight, iliyotengeneza kipandikizi cha jicho kwa vipofu, iliacha kukihudumia karibu na wakati huo huo, huku watu zaidi ya 350 wakiwa nacho. Matukio hayo yameonyesha kwamba kifaa kinaweza kuwa kizima mwilini lakini kikakosa maana pale mtoa huduma anapoondoka.

## Nchini Tanzania

Huduma za afya za umma nchini Tanzania zimepangwa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda na hospitali ya taifa. Upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu hufanyika hasa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa mwaka 1996, na katika hospitali chache za kanda. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, hupandikiza betri za moyo.

Katika vifaa vya kuchochea neva, hatua kubwa ilikuwa mwaka 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto. Kabla ya hapo watoto walipelekwa nje ya nchi, hasa India. Kuchochea ubongo wa ndani na neva ya vagasi bado si sehemu ya huduma za kawaida nchini. Barani Afrika tiba ya kuchochea ubongo wa ndani hupatikana katika nchi chache, zikiwemo Afrika Kusini, Misri na Moroko. Katika nchi tajiri gharama ya kifaa na upasuaji hufikia makumi ya maelfu ya dola.

Hata hivyo kikwazo cha kwanza kwa wagonjwa wengi ni kutotambuliwa kwa ugonjwa. Utafiti uliofanyika katika Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000. Ulipata watu 33 wenye ugonjwa wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa na daktari kwamba wanaugua. Mtetemeko na uzito wa mwendo huchukuliwa mara nyingi kuwa ni uzee tu.

Kwa upande wa kifafa, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 duniani wanacho, na kwamba hadi 70 kati ya kila wagonjwa 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kupewa dawa sahihi. Katika nchi maskini takriban robo tatu hawapati dawa wanazohitaji. Tanzania ina mfano wa mapema wa kile ambacho dawa zinaweza kufanya: karibu na mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, katika Mkoa wa Morogoro wa leo. Kwa dawa ya bei nafuu, fenobarbitali, wagonjwa wengi waliokuwa wametengwa na jamii walirudi kwenye kazi za shamba na nyumbani.

## Mpanda na Mkoa wa Katavi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao makuu yake ni Mpanda. Katika sensa ya 2012 ulikuwa na wakazi 564,604. Katika sensa ya 2022 walikuwa 1,152,958. Idadi ya watu imeongezeka zaidi kidogo ya mara mbili ndani ya miaka kumi, katika eneo la kilomita za mraba 45,000 hivi ambalo sehemu kubwa ni misitu na hifadhi, ikiwemo Hifadhi ya Taifa ya Katavi.

Historia ya tiba ya kisasa katika eneo hili ni ndefu kuliko mkoa wenyewe. Mnamo 1889 Adrian Atiman, mzaliwa wa Mali ya leo aliyekuwa amekombolewa kutoka utumwani na kusomea uganga wa kisasa huko Malta, alifika Karema kando ya Ziwa Tanganyika pamoja na wamisionari. Aliwatibu watu wa huko hadi alipofariki mwaka 1956. Alikuwa mtaalamu mmoja aliyewafahamu wagonjwa wake kwa zaidi ya miaka 60. Ufuatiliaji wa namna hiyo ndio ambao vifaa vya kuchochea neva vinauhitaji.

Leo ngazi ya juu ya huduma ndani ya mkoa ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi mjini Mpanda. Kutoka hapo rufaa huelekea Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 500, au moja kwa moja Dar es Salaam. Mkazi wa Karema ana safari ya zaidi ya kilomita 100 kabla hata ya kufika Mpanda. Reli ya tawi kutoka Kaliua, iliyojengwa wakati wa utawala wa Waingereza kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, bado huunganisha Mpanda na Tabora.

Kwa mkazi wa Katavi, kipandikizi cha koklea ndicho kifaa cha kuchochea neva kilicho karibu zaidi kupatikana, kwa kuwa hutolewa ndani ya nchi. Hata hicho kinadai mlolongo usiokatika: mzazi atambue mapema kwamba mtoto hashtuki kwa kelele wala hageuki anapoitwa, mhudumu wa zahanati asiseme "atasikia akikua" bali atoe rufaa, mtoto apimwe na mtaalamu wa usikivu, upasuaji ulipiwe, kisha familia irudi mara nyingi kwa ajili ya kupanga kifaa na mazoezi. Gharama ya nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea haimo katika bei ya kifaa. Familia za wakulima na wafugaji zinaweza kumudu safari ya kwanza na kushindwa ya nne.

Umeme pia ni sehemu ya mlolongo huo. Kwa miaka mingi Mpanda ilitumia jenereta za dizeli bila kuunganishwa na gridi ya taifa, na vijiji vingi hutegemea nishati ya jua. Kifaa kinachochajiwa kila siku kinahitaji mpango wa nyumbani wa kukichaji kabla ya kupandikizwa.

Kwa watoto ambao kipandikizi hakiwezekani, au ambao umri umepita, njia ya lugha ipo. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa Tabora mwaka 1963, na Lugha ya Alama ya Tanzania huwapa watoto elimu na mawasiliano bila upasuaji.

Kwa kifafa na Parkinson, hatua inayowezekana Katavi ni ya ngazi ya chini na ya bei ndogo: kutambua ugonjwa, kuanza dawa na kuhakikisha haikatiki. Dawa ya kifafa ikiachwa ghafla, mgonjwa anaweza kupata kifafa mfululizo kinachohatarisha maisha. Moto wa kupikia wa mafiga ni hatari ya pekee, kwa kuwa wengi huungua wanapoanguka jikoni. Imani kwamba kifafa huambukizwa kwa mate ya mgonjwa si ya kweli, na huwafanya watu waogope kumwondoa mgonjwa motoni au majini. Ni baada ya dawa kutumiwa vizuri bila mafanikio ndipo swali la kifaa huwa na maana ya kitabibu.

## Kinga

Sehemu ya magonjwa yanayotibiwa kwa vifaa hivi inaweza kuzuiwa. Chanjo dhidi ya bakteria wa Hib, iliyoanza Tanzania mwaka 2009, na ya nyumonia, iliyoanza mwaka 2013, hupunguza homa ya uti wa mgongo. Chanjo ya surua na rubela, iliyoanza mwaka 2014, hupunguza watoto wanaozaliwa viziwi kwa sababu mama aliugua rubela akiwa mjamzito. Kutibu haraka malaria kali na manjano ya mtoto mchanga hulinda ubongo na masikio. Kupika nyama ya nguruwe hadi iive kabisa, kufungia nguruwe na kutumia choo hukata mzunguko wa tegu wa nguruwe, ambaye mabuu yake yakiingia ubongoni husababisha kifafa.

Uzazi salama ni muhimu hasa Katavi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba 45 kati ya kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 mkoani humo walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Uchungu wa muda mrefu, ambao huwapata zaidi wasichana wadogo, unaweza kumkosesha mtoto hewa na kumwachia kifafa, upungufu wa usikivu au ulemavu wa viungo.

## Mwelekeo

Tangu mwaka 2021 baadhi ya vifaa vya ubongo vinaweza kupangwa na daktari aliye mbali kupitia intaneti, na teknolojia kama hiyo ipo kwa vipandikizi vya koklea. Ikienea, mgonjwa wa Mpanda angeweza kurekebishiwa kifaa bila kusafiri hadi Dar es Salaam, mradi hospitali ya mkoa iwe na mtaalamu aliyefundishwa na mtandao wa uhakika. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeweka msingi wa kuwaingiza wananchi wote katika bima. Kiwango ambacho mgonjwa wa Katavi atafaidika nayo kitategemea kama malipo yatahusu pia ufuatiliaji na vipuri, na si upasuaji peke yake.

## Tazama pia

- Kifafa
- Ugonjwa wa Parkinson
- Sikio
- Lugha ya Alama ya Tanzania
- Mkoa wa Katavi
- Mpanda